Chombo Hiki ni cha Nani?

Ndugu msomaji, nina swali ambalo lilinikuta nimepiga magoti kwenye tope, nyundo mkononi, na maji ya mto yako njiani kurudi. Baba anafariki, anaacha mashua na watoto watatu. Mmoja wa watoto hao anaishika ile mashua, anaifanyia kazi na kuitunza. Kila mwaka zinaoza mbao mbili tatu, naye anazing'oa na kutia nyingine. Inapita miaka kumi na sita. Siku moja mtoto mwingine, ambaye muda wote huo alikuwa mjini, anateremka gatini na mkoba wake mgongoni, anasema: nimekuja kuulizia fungu langu. Je, analo la kuulizia?

Habari hii ingekuwa ya watu wengine ningekujibu papo hapo, tena kwa ukali. Lakini yule mwenye mkoba ni mimi, na mtu akiwa ndani ya swali ukali wote humtoka.

Kwetu ni delta ya Rufiji. Mto ule mkubwa ukikaribia bahari hauendi moja kwa moja, unagawanyika matawi mengi, na baina ya tawi na tawi ni mikoko mitupu, zaidi ya hekta 50,000. Barabara hatuna. Kwenda dukani ni chombo, kwenda zahanati ni chombo, bibi harusi anapelekwa kwa chombo na maiti vilevile. Basi ukisikia kule kwetu fulani ana chombo chake mwenyewe, usidhani ni mtu wa anasa. Ana mguu, tu. Asiye nacho anasubiri kwenye tope mpaka mwenye mguu apite.

Mashua ya baba inaitwa Tawakali. Si jahazi la kusifia, ni mashua ya mto, hatua tisa au kumi toka omo mpaka tezi, yenye tanga moja na upondo wa kusukumia kwenye vijito ambako upepo hauingii. Siku hizi mdogo wangu ameifunga na injini nyuma. Imebeba mpunga, nazi, samaki wakavu, walimu wapya wakilia kwa kuogopa viboko, na wagonjwa. Baba alifariki 2009. Mama alikuwa ametangulia. Mimi nilikuwa na miaka 18, nimemaliza kidato cha nne nangoja matokeo. Mdogo wangu alikuwa na 15, darasa la saba limemtupa nje naye hana hasira. Dada yetu mkubwa alikuwa na 22 na mtoto mgongoni. Siku ya arobaini shehe akataja mirathi mbele ya watu: mafungu matano, mawili yangu, mawili ya mdogo wangu, moja la dada. Watu wakaitikia. Lakini mashua utaikata vipi mafungu matano? Tukasema tutaangalia baadaye. Mimi nikafaulu, nikaenda zangu kidato cha tano.

Mwaka 2025 zikanifikia habari Dar es Salaam kwamba kuna bwana mmoja kutoka Mafia ameiona Tawakali pale Nyamisati na anaitaka kwa milioni tatu na nusu. Msomaji, mimi nina kiwanja Chanika na msingi ambao nyasi zimeota hadi kiunoni. Nilipanda basi Mbagala, na kabla halijafika Mkuranga nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu: mafungu mawili katika matano ni milioni moja na laki nne. Kufika Bungu nilikuwa nimekwisha kuzigeuza saruji. Kibaya ni kwamba sikuona aibu yoyote. Niliona haki. Shehe si alisema?

Nilifika jioni. Mdogo wangu alinipokea mkoba, akaniuliza habari za watoto, akasema, "Kaka, umekuja wakati mzuri. Kesho bamvua, tunaikwangua Tawakali. Hayo mengine tutaongea tukimaliza." Sikuwa nimesema kama yako mengine.

Asiyekulia pwani pengine hajui kazi hii inavyopangwa. Hupangi wewe, inapanga bahari, ambayo kwetu inapandisha maji yake ndani ya mto. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Unakipandisha chombo juu maji yakiwa yamejaa, yanapokimbia kinabaki pakavu, na wewe una saa chache tu kabla hayajarudi. Maji mafu hayafai, hayapandi wala hayashuki ya kutosha. Kwa hiyo alfajiri, kwenye saa kumi, tuliisukuma Tawakali mpaka kwenye mchanga mgumu chini ya mkwaju, na kulipopambazuka ilikuwa imesimama kwenye magadi, zile nguzo za kuegemeza kila ubavu, tumbo lote wazi. Mdogo wangu alitazama maji, akasema, "Mpaka saa nane." Hiyo ndiyo ikawa siku yetu.

Fundi alikuja na tezo yake begani. Ni mzee, alikuwa rafiki wa baba. "Shikamoo babu," nikasema. "Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa mjini?" Nikasema ndiye. Akaitazama mikono yangu, si uso. "Haya. Kwangua."

Basi nikakwangua. Chini ya maji chombo hupandwa na majani ya kijani na vikombe vidogo vigumu vinavyokata ngozi kama wembe. Unakwangua kwa kipande cha bati au panga bovu, umelala chali, na vyote vinakudondokea machoni. Baada ya hapo tukawasha makuti makavu na kuyapitisha chini ya tumbo lote, polepole, moto ulambe bila kuunguza, mbao zikauke na wadudu wafe. Wadudu hawa ndio adui hasa. Kwa sura ni funza, lakini wataalamu wanatuambia ni ukoo mmoja na chaza na kombe. Huingia kwenye mbao wakiwa wadogo mno, kwa tundu la kichwa cha sindano, kisha wananenepea humo humo. Nje ubao unang'aa, ndani umekuwa sega la nyuki. Hawapendi maji baridi; ndiyo maana zamani baba akitoka safari ndefu za bahari alikuwa akiipeleka Tawakali juu kwenye mto mtupu na kuiacha huko siku kadhaa. Mdogo wangu bado hufanya hivyo. Nilishangaa kwamba anajua, maana baba alipofariki yeye alikuwa bado mtoto. Nani alimfundisha? "Niliuliza," akasema.

Fundi alikuwa akipita anagonga kwa nyundo ndogo, ubao kwa ubao, sikio karibu. Ubao mzima hulia ng'o. Uliooza hauliii, hunung'unika. Akagonga ubavu wa kushoto, mmoja ukanung'unika. Ule ubao uligongana na kisiki Aprili 2024, wakati wa mafuriko yaliyoingia majumbani na mashambani Rufiji na Kibiti, mdogo wangu alipokuwa akitoa watu mabondeni. Hakutoza nauli wiki ile. Hilo sikulisikia kwake, nalisikia kwa fundi, aliyelitaja kama anavyotaja aina ya msumari.

Tukaung'oa. Mpya ulikuwa tayari umepasuliwa na kupigwa randa tangu wiki iliyopita. Ukautia mahali pake, fundi akaupima, akautoa, akaupiga tezo kidogo, akautia tena. Mara ya tano ukakaa. Akatoboa kwa keekee kabla ya kupiga misumari ili ubao usipasuke, na kila msumari akauzungushia pamba shingoni usipitishe maji. Sasa mimi nikaona nafasi ya kuuliza swali langu la kisomi, maana nilikuwa nimechoka na aliyechoka hupenda kuzungumza.

"Babu," nikasema, "hebu nieleze. Katika mashua hii, mbao za wakati wa baba zimebaki ngapi?"

Akasimama. Akahesabu kwa macho. "Mbao? Hakuna. Mataruma yamebaki mawili, haya ya mlilana, ya omo. Na mkuku."

Msomaji anayependa falsafa amekwisha kujua ninakoelekea. Wagiriki wa kale walikuwa na kisa hiki hiki. Plutarch anaandika kwamba watu wa Athens walikitunza chombo cha shujaa wao Theseus, kila ubao uliooza wakiutoa na kutia mwingine, hata wanafalsafa wakagawanyika: wako waliosema ni chombo kile kile, wako waliosema sicho tena. Karne nyingi baadaye, mwaka 1655, Mwingereza Thomas Hobbes akakikoroga zaidi. Tuseme, alisema, mtu mmoja aliziokota zile mbao za zamani moja moja, akazihifadhi, mwishowe akaziunga upya. Sasa vyombo ni viwili. Kipi ni cha Theseus?

Nilipokuwa chuo tulibishana juu ya jambo hili usiku kucha, chai ya rangi mezani, na hakuna aliyepoteza hata senti. Chini ya mkwaju lilikuwa jambo jingine. Kama Tawakali hii sicho chombo alichoacha baba, basi mirathi yangu ilikwisha siku ubao wa mwisho ulipong'olewa, na milioni moja na laki nne ni ndoto za basi. Kama ndicho, basi mdogo wangu amekuwa akinijengea mimi mali kwa miaka kumi na sita, bure, bila kujua. Hilo nalo si linatisha?

Nikauliza mbao za zamani ziko wapi, nimridhishe Hobbes. Mdogo wangu akanionyesha kwa kidevu: mlango wa banda la kuku la dada, rafu ya vyombo jikoni kwake, na nyingine zilikwisha kupikia wali. Kha! Kwa hoja ya Hobbes, kama fungu langu liko popote, basi liko kwenye banda la kuku.

Fundi yeye hakuhitaji Mgiriki. "Chombo ni mkuku," akasema. "Ubao ni nguo. Mtu akibadili kanzu hawi mtu mwingine. Ukitoa mkuku, hapo umeunda kipya, kipe jina jipya." Nikafurahi, nakiri. Mkuku ulikuwa wa baba. Basi chombo ni cha baba, basi ni chetu sote. Nilikuwa bado natabasamu alipokwenda kuugonga mkuku wenyewe, kule mwisho karibu na usukani, ukanung'unika.

Tukatazamana watatu. Akachokonoa kwa ncha ya patasi, unga ukatoka. Si mkuku wote, kama robo yake, upande wa tezi. Kazi ya leo isingetosha, itabidi kukata pale na kuunga mti mpya bamvua lijalo. "Sasa babu," nikasema, "ukishaunga robo, chombo kitakuwa cha nani?" Mzee akacheka mpaka akaketi. "Robo tatu cha baba yako, mwanangu. Robo cha atakayelipia mti."

Tulicheka, lakini mdogo wangu alicheka kidogo kuliko sisi.

Hapa niseme jambo ambalo nilikuwa nalizunguka. Mwanafalsafa mwingine wa Kiingereza, John Locke, kwenye kitabu chake cha 1689, alifundisha kwamba kitu ambacho hakikuwa cha mtu huwa chako unapokichanganya na jasho lako. Na hapa kwetu Mwalimu Nyerere mwaka 1962, akieleza ujamaa, alisema kwamba kwa desturi za Kiafrika mtu alikuwa na haki ya kuitumia ardhi, na haki hiyo iliendelea maadamu anaitumia. Kukaa mbali na kudai kodi kwa sababu tu jina lako limeandikwa ni mambo ya kuletwa. Nilipokuwa mwanafunzi niliyapenda sana maneno haya. Niliyaandika kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Niliona yanawahusu wenye mashamba makubwa na wenye majumba ya kupangisha. Haikunijia hata siku moja kwamba yananihusu mimi na mashua ya baba yangu, kwamba kwenye kisa hiki kabaila ni mimi.

Tena kuna zaidi. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka wapi? Nauli yangu ya kwanza ya chuo? Mtoto wa miaka 15 alikuwa akisukuma upondo usiku, kwenye mamba, ili mimi nikasome habari za Locke. Ukitaka kuhesabu, mafungu yangu mawili nilikwisha kuyala zamani, nikanawa mikono.

Kwa hiyo nilipokuwa nikisubiri uji, nikawa nimeamua moyoni: chombo ni cha mdogo wangu. Jasho limeshinda. Nikajiona mwema kidogo, nikaanza kutafuta namna ya kumwambia ili naye anione mwema. Kumbe nilikuwa sijamaliza kufikiri.

Uji uliletwa na dada. Pamoja na sufuria alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na pamba iliyosokotwa, mafundo kwa mafundo, kama nywele za bibi. Ndiyo kalafati yenyewe. Bila ile pamba mbao ziwe mpya namna gani chombo ni tenga. Hujazwa kwenye kila mshono ikiwa imeloweshwa mafuta, ikapigwa ndani kwa chembeu, ile patasi butu. Nikauliza imesokotwa na nani. Dada akanitazama kama nimeuliza nani huwasha jua. Yeye ndiye anayeisokota, kila mwaka, tangu 2009, kwa usiku kumi au zaidi, juu ya paja, baada ya kulaza watoto. Yeye ndiye anayewalisha mafundi. Chokaa na mafuta ya deheni ya kupaka tumboni, anayeyatwanga na kuyachanganya ni yeye. Na misumari ya mwaka 2017, mwaka ambao biashara ilikuwa mbaya na mdogo wangu aliugua, ilinunuliwa kwa fedha za mikeka yake.

Sasa tazama, msomaji. Kwa mafungu ya shehe dada ana moja na mimi mawili. Kwa jasho, kama nilivyokuwa nimelihesabu muda mfupi kabla ya uji, dada hakuwa na kitu kabisa, kwa sababu nilipotafuta aliyeitengeneza mashua macho yangu yalitafuta aliyeshika nyundo. Mizani yangu mpya ya haki, niliyoionea fahari, ilikuwa imemtupa nje kabisa mtu ambaye ile ya zamani ilimpa angalau fungu moja. Sisemi shehe alikosea. Yeye aligawa kilichokuwepo siku ile, na kilichokuwepo siku ile kwa sehemu kubwa kimekwisha kuwa majivu jikoni; tuliochelewesha ni sisi. Ninachosema ni kwamba hoja ya jasho, inayopendwa sana na vijana tuliosoma, ina tundu la kichwa cha sindano. Nani anayehesabu jasho, naye anasimama wapi anapohesabu?

Pale kwetu tuna kisa kikubwa cha jambo hili. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwenye delta hii mwaka 1914. Septemba 20 ya mwaka huo ilikuwa imeizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, iliyokuwa Unguja ikitengenezwa, kisha yenyewe ikaharibikiwa mitambo na kuingia Rufiji. Vipande vya mitambo ile vilibebwa na kuburutwa nchi kavu na Waafrika mpaka karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa njia ile ile. Vitabu vinamtaja nahodha wake, Max Looff, vinazitaja meli za Waingereza zilizoipiga mwisho, Severn na Mersey, Julai 11, 1915, na mzinga wake mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa, watu wanapiga picha. Waliobeba vile vyuma kwenye tope hawana hata jina moja ninaloweza kukuandikia. Na walibeba kwa jasho kweli, jasho la Locke, wala hakuna aliyefikiri kwamba kwa kubeba huko meli ilikuwa yao hata msumari. Siwafananishi na dada. Yeye hakubebeshwa na mtu, angeniambia hivyo kwa ukali. Nasema tu kwamba chombo huandikwa jina la anayekiendesha, na hesabu za kukitunza hukaa mahali pengine.

Kwa upande wa dada hesabu zilikuwa, kwa kweli, kwenye daftari. Niligundua kwa bahati. Mdogo wangu alitaka kujua misumari ya mwaka juzi ilikuwa kilo ngapi, dada akalitoa kwenye kikapu, limefungwa kwa mfuko wa nailoni. Daftari la kurasa themanini, mwandiko wa dada wa darasa la saba, herufi zimesimama wima kama askari. Kila mwaka una ukurasa: mbao, misumari, mafuta, fundi, chakula cha fundi, nauli tulizosamehe. Nikaomba nilitazame. Nilipekua mpaka 2014 nikakuta mstari: "Kaka 30,000." Nikaendelea mpaka mwisho. Hakukuwa na Kaka mwingine.

"Mnaweka ya nini hili?" nikauliza, sauti yangu haikuwa nzuri.

Mdogo wangu ndiye aliyejibu, akiwa anapiga chembeu, hakugeuka. "Kaka, ili siku ukija kuuliza, tusigombane."

Walikuwa wameningoja. Miaka yote hiyo, kila msumari, waliuandika kwa ajili ya siku ambayo ningeteremka na mkoba. Si kwa kunikomoa. Walichukulia kwamba lazima nitakuja, kwamba ninayo haki ya kuja, na kwamba mwenye haki anastahili kuonyeshwa hesabu. Ama kweli kuna namna ya kuheshimiwa ambayo inauma kuliko matusi. Wangeniambia "huna chako hapa, nenda," ningepandisha sauti, ningemtaja shehe, ningetafuta mwenyekiti wa kijiji. Daftari utalijibu nini?

Nikamuuliza waziwazi, kama anataka kuuza. Akasema yule bwana wa Mafia amerudi mara mbili. Fedha si mbaya; angenunua ya fibre, ambayo haihitaji pamba wala deheni. Kuni za mikoko na mbao zake siku hizi hazikatwi bila kibali, mafundi wanazeeka, na mtoto wake wa kiume hataki kujua habari za tezo. "Lakini siwezi kuuza peke yangu. Si yangu."

"Ni ya nani?" nikauliza. Nilitaka kweli kujua atasema nini.

Akafikiri. "Si yangu peke yangu," akasema, akarudi kwenye mshono.

Jibu hilo halimo kwa Plutarch. Nimelifikiria tangu siku ile na naona lina akili kuliko maswali yangu. Sisi tuliosoma tukisikia mali tunauliza "ya nani", halafu tunatafuta jina moja, au majina matatu na desimali. Yeye alianza na anachokijua kwa hakika, kwamba hana ruhusa ya kufanya peke yake. Kilichobaki akakiacha wazi, kama mshono uliojazwa nusu. Mimi sidhani kwamba kumiliki chombo kinachooza ni jambo lililokwisha mara moja, kama kupewa hati ya kiwanja. Ubao unaoza usiku na mchana. Anayeusogelea na pamba ana umiliki wa mwaka ule, na mwaka ujao aje tena. Mimi sikunyang'anywa fungu langu na mtu yeyote. Liliingiwa na wadudu nikiwa Dar es Salaam, nje likabaki linang'aa kwa maneno ya shehe. Lakini naona pia kwamba wale wawili hawakulitupa. Walilibakizia nafasi, kama unavyomwekea mtu chakula kwenye sahani na kufunika, kikapoa, kikaharibika, wakapika kingine wakafunika tena. Sasa mtu aliyewekewa chakula namna hiyo, akifika, anadai au anaomba radhi?

Saa saba maji yalianza kuonekana kwenye kijito. Tukaharakisha. Mimi nilipewa mshono mmoja wa kujaza mwenyewe, wa ule ubao mpya, kwa sababu mikono haikutosha. Fundi akanionyesha mara moja: pamba unaikunja, unaipiga, si kwa nguvu, kwa kurudia. Nilipiga kwa nguvu. Tukapaka deheni tumboni kwa mikono mitupu, inanuka, inachoma michubuko, na juu tukapaka sifa, yale mafuta ya samaki ambayo hutayasahau kwenye shati lako. Dada alikuwa amekwisha kuweka nguo zetu mbali. Mdogo wangu akachukua kopo la rangi akaliandika upya jina, T mpaka I, kama anavyofanya kila mwaka, na nikaona kwamba A yake ya mwisho ameikunja kwa namna baba alivyokuwa akiikunja.

Saa nane maji yakaigusa. Kwenye saa tisa ikatikisika, ikasimama yenyewe, tukatoa magadi. Tukaruka ndani kuangalia. Mishono yote ilikuwa mikavu isipokuwa mmoja, ubavu wa kushoto, na huna haja ya kuuliza ni upi. Maji yalikuwa yakiingia taratibu, kama jasho kwenye kipaji cha uso.

"Si kitu," fundi akasema. "Ubao utafura. Kesho utafunga wenyewe, au kesho kutwa. Leo mtu akae ateke."

Mdogo wangu akanipa dumu lililokatwa mdomo. Nikaketi kwenye taruma la mlilana, moja ya yale mawili, nikawa nateka maji ya ngama na kuyamwaga mtoni, nateka na kumwaga. Wao wakapanda ukingoni kukusanya vyombo vya fundi. Dada akafungua daftari gotini, akalamba ncha ya kalamu, akaandika mbao, misumari, pamba, mafuta, chakula. Kisha akanyanyua uso akaniita kwa jina langu la utotoni.

"Na wewe nikuandike nini?"

Nikamwambia aandike anavyoona. Akafikiri kidogo, akaandika, akanigeuzia ukurasa niuone kwa mbali. "Kaka, siku 1."

"Na bamvua lijalo?" mdogo wangu akauliza kutoka ukingoni. "Ule mkuku."

Nilihesabu. Siku kumi na tano; nauli ya kwenda na kurudi; ruhusa kazini. Na mti wa kuungia, nani atalipia? Nikamuuliza bei yake, akanitajia, nami nikaendelea kuteka.